Mafiga ya Mama Séphora

Siku ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa, siku ya kupura maharagi. Ninaanzia hapo, juu batu banafikiri vita inaingia na ngoma. Hapana. Kwetu, nyuma ya Kalunguta, iliingia saa ine ya asubuhi, wakati mujomba wangu Esdras alikuwa ananipima kiuno.

Mujomba Esdras alikuwa katekista, na siku za kazi alikuwa mushonaji. Mimi Kahongya nilikuwa na miaka makumi mbili na sita, mucheza teatre wa parokia, na alikuwa ananishonea suruali ya komedi: ya manjano, pana, ya kuingiza batu babili na mbuzi yabo. Alikuwa na pini tatu mudomoni wakati milio ya kwanza ilisikika upande wa barabara. Akazitema moja moja, polepole, kama mutu anaungama. Bibi yake, mama Tamar, alifunga maharagi katika kitenge bila kuuliza kitu. Tukakimbia. Ile suruali sikupata nafasi ya kuivua. Nilikaa nayo porini miezi mine. Kama munataka picha ya vita ya mwaka 2002 kule kwetu, musitafute bunduki. Mufikiri tu mutu mumoja anakimbia na suruali ya kuchekesha, na hakuna mutu anacheka.

Nani alipiga? Usiniulize. Miaka ile kila kundi lilikuwa na jina la herufi tatu ao ine. Mbele ya vita tulijua herufi ni za kusoma.

Pori yenye tuliingia ni ya Serikali. Zamani ukikata hata fimbo ya kutegemeza ndizi, mulinzi wa Serikali anakufuata mupaka kwa mulango. Sasa Serikali yenyewe ilikuwa imekimbia, tukaingia bila karatasi. Ninasikia kuna inchi zenye batu banaenda kulala katika pori ya Serikali kwa kupenda kwabo, bure, kila familia na tente yake mbali na jirani, na banarudi na picha. Sisi pia ilikuwa bure. Sisi pia, kila familia mbali na jirani. Picha tu njo ilikosekana.

Tulikuwa familia tisa. Masharti yalitoka kwa Lusenge, mwindaji, mutu mufupi wa maneno mafupi zaidi. Kila familia kibanda chake cha majani ya mangongo, hatua mia moja toka kwa mwingine, ili basoda, batu ba bunduki, bakikamata moja, zingine zikimbie. Mbali na muto, juu basoda nabo banakunywa maji. Kupika ni alfajiri tu, wakati ukungu unafanana na moshi. Jogoo zote zichinjwe mbele ya kuingia; zilikuwa kumi na mbili, zilikufa kwa kosa la kuimba. Na siku ya kuhama, usiache alama: majivu chini ya majani, na mafiga, yale mawe matatu ya kupikia, yatawanywe.

Hapo bamama bote balikataa.

"Lusenge, utawinda nyama," mama Tamar alimwambia, "mafiga utayaacha."

Kwetu mafiga ya bibi ni ya bibi. Mama-mukwe anayapanda siku ya ndoa, na toka siku ile mukono mwingine hauyaondoi. Mutu mwingine akiyatawanya, maana yake ni moja tu: ile nyumba imekwisha, hakuna mutu tena, muzee amekuja kuifunga. Donc tulipatana hivi: siku ya kuhama, kila mama atatoa mafiga yake kwa mukono wake, atayabeba ao atayaficha. Lusenge akakubali. Katika pori ile tulivunja amri karibu zote za Mungu, mais ile ya mafiga tuliishika.

Mupaka siku moja.

Jirani yangu wa pale, hatua zile mia, alikuwa Orpa, mama Séphora. Bwana yake, Salomon, alikuwa ameenda kuchimba zahabu Manguredjipa mbele ya vita, na njia zikafungwa nyuma yake. Banaume bengine banatumia bibi zabo zahabu. Salomon alimutumia jiwe: jeusi, na mustari mweupe unaong'aa katikati, na neno moja kwa mudomo wa mupita njia, "Zahabu ilikuwa hapa, ikaondoka, mimi ningali." Orpa alicheka mupaka akakaa chini. Akalifanya figa lake la tatu. Alilibeba mugongoni toka kijijini, na mutoto mbele.

Mutoto ni Séphora, miaka mbili na nusu, meno yote, nywele kidogo. Public yangu. Katika pori ile hakukuwa mutu mwingine wa kunitazama na macho ya furaha. Ninapandisha suruali mupaka kwapani, ninatembea kama commandant mwenye tumbo, Séphora anacheka. Shida ilikuwa nyuma ya kicheko. Alikuwa ameshika ile kikohozi mubaya ya batoto, yenye inapiga, inapiga, inapiga, halafu mwisho mutoto anavuta pumzi na sauti nyembamba, ndefu, kama jogoo. Akicheka tu, inaanza.

Juma ya sita, asubuhi moja, Lusenge alipita kwa kila kibanda na kidole kwa mudomo. Maana yake basoda bako karibu. Alinikuta kwa mama Séphora, nimekuja kuomba chumvi. Akaweka kidole kwa mudomo, akanitazama mimi muda murefu kupita bengine, akaenda.

Tukanyamaza. Séphora alikuwa ananiangalia.

Hamujui macho ya mutoto yenye inangoja kuchekeshwa. Nikasema katika roho: bila sauti, hakuna kosa. Nikapandisha suruali. Hatua mbili tu. Tumbo mbele.

Akacheka. Na nyuma ya kicheko, ile kitu.

Orpa alimukamata, akamufunga uso ndani ya matiti yake. Kikohozi iliendelea ndani ya mama, kama mutu anapiga mulango toka ndani. Kwa njia, chini kidogo, viatu vilisimama.

"Oyoki?" sauti moja ilisema kwa Lingala. Unasikia?

"Kosukosu," mwingine alijibu. Kikohozi.

Balingoja. Mumoja aliwasha tumbako, harufu ikatufikia. Séphora akawa rangi ya mvua. Halafu viatu vikaenda. Orpa alifungua mikono, na mutoto akavuta pumzi kama jogoo, na mimi niliangalia chini, na Orpa aliniangalia mimi.

Saa sita mujomba Esdras aliita bakubwa ba kila familia. Tulikaa chini ya muti, tukanong'ona. Mutoto ana kosa gani? Hana. Mais batu makumi ine na saba banaweza kufa kwa koo moja? Mama aende na mutoto wake ng'ambo ya kijito, nusu ya siku ya kutembea, mupaka kikohozi iishe.

"Peke yangu?" Orpa aliuliza. "Tata Esdras, hata mbwa banamuacha na mwenzake."

"Hatukufukuzi, mama. Ni mbele kidogo tu."

"Mbele kidogo kuna nani?"

Mama Tamar alianza kulia. Lusenge alisema, "Mimi sioni vile mutu anaweza..." na niliona mambo inageuka. Niliona batu banaanza kuangaliana. Hatua moja tu, na mutu angeuliza: lakini asubuhi hii, kwa nini mutoto alikohola? Orpa alijua. Mimi nilijua. Hakuna mwingine.

Njo nikafanya kazi yangu.

"Bandugu," nilisema, "tulichinja jogoo kumi na mbili mbele ya kuingia huku. Mama Séphora ametuingizia ya kumi na tatu ndani ya koo!"

Balicheka. Mikono kwa mudomo, mabega inaruka, machozi. Juma sita bila kicheko, mufikiri! Hata mujomba. Hata mama Tamar, Mungu amusamehe, alicheka na machozi ya kwanza ingali kwa shavu. Na kicheko kilipokwisha, hakuna mutu alikuwa na nguvu tena ya kukataa. Kicheko kilikuwa kimepiga kura. Nimesimama mbele ya batu mara nyingi toka siku ile, na sijapata tena kicheko kama kile.

Orpa peke yake hakucheka. Alifunga mutoto mugongoni.

"Umecheza muzuri, Kahongya," alisema.

Halafu akageukia mujomba. "Mutoto ni muzito, na kikapo. Mafiga siwezi. Yanabaki hapa. Nikirudi nitapikia juu yake. Uniapie."

"Utaweka mengine kule," mujomba alisema.

"Bwana yangu ni muzima. Bibi hapandi mafiga mara mbili na bwana ni muzima. Uniapie."

"Yatabaki, mama. Mbele ya Mungu."

Akaenda. Mutoto mugongoni alinitazama mupaka majani ikamufunika. Alikuwa angali anangoja nimuchekeshe.

Siku ya tatu, milio ilisogea upande wetu, na Lusenge akasema tuhame. Bamama bakatoa mafiga yabo. Yalibaki matatu, peke yake, kando ya kibanda chenye hakina mutu. Jiwe la mustari mweupe lilikuwa linang'aa. Kipofu angeliona.

"Yatawanywe," mujomba alisema.

"Uliapa," mama Tamar alisema.

"Niliapa mbele ya Mungu. Mungu anaelewa. Basoda hapana. Lusenge!"

Lusenge alitikisa kichwa. "Siui kitu yenye siwezi kula."

Mujomba akanigeukia. Angeweza kuyatawanya yeye mwenyewe, lakini alikuwa katekista, alikuwa na mikono ya heshima. Mimi nilikuwa na suruali ya manjano.

Niliyapiga na muguu. Moja. Mbili. La tatu nililizunguka kwanza na hatua ya dansi, nikangoja bacheke.

Hakuna mutu alicheka. Ng'ambo ya kijito, mbali, mbali sana kwa sauti ya mutoto kufika, kulikohola. Mara moja.

"Na nani anaenda kumuambia tunahama?" mama Tamar aliuliza.

"Hakuna mutu," mujomba alisema. "Akikamatwa, atasema tuko wapi. Afazali asijue."

Tulitembea siku nzima. Tulijenga. Alfajiri, ukungu, bamama balitoka kuwasha moto, na nikasikia mama Tamar anaita kwa sauti ya chini, kwa furaha, "Mama Séphora! Mama Séphora! Umetupata! Wasingya, ee Mungu, asante."

Nilitoka. Kwa upande wa chini wa kambi, mafiga matatu yalikuwa yamepandwa muzuri, kama mukono wa mama-mukwe uliyapanda. Katikati, majivu. Moja ya mawe ilikuwa na mustari mweupe.

Mama Tamar aliita tena. Hakuna mutu alijibu. Akaweka mukono juu ya majivu, akautoa haraka.

"Moto," alisema.

Lusenge alipiga magoti. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, udongo ulikuwa laini kama bugali, alama za miguu yetu zilionekana zote, hata kidole. Alizunguka mawe yale mara mbili, uso chini. Alikawia sana. Alipoinuka, hakumuangalia mutu.

"Mutu alipika hapa," alisema. "Mais hakufika."

Siku ile, saa sita, katika kibanda fulani batoto balicheka kidogo, sijui kwa sababu gani. Kikohozi ikajibu. Tuliisikia bote: inapiga, inapiga, inapiga, na mwisho jogoo. Tukafikiri ni bahati mubaya. Kesho yake mama mumoja alimucheka bwana yake alipoteleza. Kikohozi. Karibu kidogo kupita jana.

Siku ya tatu hakuna mutu alicheka tena.

Mutoto akianza kutabasamu, mama anamuziba mudomo. Banaume banapitana bila kusalimiana, juu salamu yetu ina kicheko ndani. Na mimi? Batu balinikimbia. Nikija, banageuza uso kwa muti, banangoja nipite. Mimi, Kahongya, wa kuchekesha hata kwenye kilio! Mama Tamar alinishonea mufuko wa kunde ukawa suruali, akaniambia, "Vua ile kitu, mwana wa dada ya bwana yangu." Lakini suruali ya manjano nilikuwa naivaa chini. Nilisikia baridi bila yenyewe.

Siku ya ine mujomba Esdras aliyafunga mawe katika gunia, akatembea peke yake mupaka kwa muto mukubwa, akayatupa katikati. Alirudi, akasema tuhame. Tukahama.

Alfajiri, ukungu. Mafiga hayakuwa tena upande wa chini wa kambi. Yalikuwa mbele ya mulango wa mujomba, hatua mbili. Yalikuwa yanatiririka maji. Katikati, majivu makavu, ya moto.

Lusenge alikuja kwangu. "Tuende kwake," alisema. "Mimi kusoma njia. Wewe kwa sababu unajua ni kwa nini."

Aliijua toka mwanzo. Mutu wa maneno mafupi.

Tulitembea siku mbili, tukafika kabla ya saa sita, jua katika majani. Zilikuwa siku kumi na moja toka aondoke. Kibanda kilikuwa kizuri, alijua kujenga. Lakini mangongo ya juu yalikuwa yamekauka, rangi ya tumbako, kama ya mwaka uliopita. Kikapo kilikuwa kimefungwa. Kando ya kikapo, muhogo mubichi, wa kuumwa na meno makubwa. Upande mwingine, wa kuumwa na meno madogo.

Lusenge alizunguka kibanda. Alizunguka mbali. Akarudi.

"Hakuna damu," alisema. "Hakuna alama ya kutoka. Ya kuingia, iko."

"Na moto?"

"Hakuna moto. Hakuna hata jivu moja." Alitoa kofia. "Hakuwasha, Kahongya. Mvua yote ile. Alikuwa anangoja mafiga yake."

Alikuwa na kiberiti. Kilikuwa ndani ya kikapo, kimefungwa na plastiki, kikavu, kimejaa.

Niliinama ndani. Kitanda cha majani kilikuwa na mashimo mawili ya batu kulala, moja kubwa, moja dogo, limeingia ndani ya ile kubwa. Niliweka mukono katika shimo kubwa. Baridi. Niliweka mukono katika shimo dogo.

Lilikuwa na joto.

Hatukukimbia. Ninawaambia kweli, hatukukimbia. Tulitembea kama bazee, na Lusenge alikuwa ananong'ona njia yote, sijui sala, sijui jina la mama yake.

Juma iliyofuata basoda bakafika. Mara hii hawakupita kwa njia. Balikuja katikati ya miti, mumoja mumoja, saa nane ya mchana, katika mvua. Nilikuwa kifudifudi nyuma ya muti, na mujomba kando yangu. Mumoja alisimama hatua kumi toka kwa kibanda cha mujomba. Akainua bunduki. Aliona majani iliyokatwa. Aliangalia juu, aliangalia chini. Akafungua mudomo kuita benzake.

Ng'ambo ya kijito kilichokuwa chini ya kambi, mutoto alicheka.

Halafu kikohozi. Inapiga. Inapiga. Inapiga. Jogoo.

"Mwana," soda alisema. Mutoto. "Kuna!" Kule.

Bakageuka bote. Bakashuka. Tuliwasikia banavuka maji. Kisha milio, mingi, ya muda murefu, ya batu benye bamechoka na pori. Kisha hakuna kitu.

"Mungu asifiwe," mujomba alinong'ona.

Lusenge, nyuma yetu, alitema mate.

Mvua ilikuwa inaanguka. Tulingoja. Na hapo, nyuma ya kibanda cha mujomba, si ng'ambo, si mbali, hapo, kukakohola. Polepole. Kama mutoto mwenye anaamuka usingizini.

Batu makumi ine na saba tulirudi kijijini mwezi wa pili wa mwaka 2003, wazima bote. Bengine baliita hiyo muujiza, misa ikasomwa. Mujomba Esdras hakuenda. Aliacha ukatekista, alisema amesahau Baba Yetu. Tulimufikiria anachekesha. Tulimupa maneno ya kwanza, "Baba yetu uliye...", alitutazama kama tunasema Kichina.

Mimi nilishuka Butembo. Mutu wa teatre anaishi na nini kama si kucheza? Mwezi wa munane mwaka 2003, sikukuu ya Maria kupalizwa, kila redio ilisema vita imekwisha, na parokia moja ya muji ikaniita. Salle, chumba kikubwa cha parokia, ilijaa mupaka madirisha. Nilivaa suruali ya manjano. Nikapandisha mupaka kwapani, tumbo mbele, na Butembo yote ikacheka, kicheko cha batu benye bamengoja miaka mitano.

Kicheko kilipoanza kushuka, nyuma ya rido, pazia la jukwaa, kukakohola.

Nilimaliza muchezo. Sijui vile nilimaliza. Mama Tamar, mwenye alishuka kwa sikukuu, alikuwa katika musitari wa tatu. Alisimama, akafunika kichwa na kitenge, akatoka.

Asubuhi mulinzi wa salle alikuja kuniamusha, amekasirika. "Bacheza teatre, heshima iko wapi? Nani alipika juu ya scène?" Nilienda. Juu ya mbao za jukwaa, katikati, mafiga matatu. Majivu ya moto. Chini yake mbao hazikuungua. Jiwe moja lilikuwa na mustari mweupe.

Nilimuambia asiguse. Nilimuomba kwa magoti. Alifikiri ni muchezo ingine.

Nyuma ya siku tatu, mutu alinitafuta pale salle. Mwembamba, viatu vya muchimbaji, kofia mukononi. "Banasema wewe ulikuwa pori moja na bibi yangu. Niko Salomon. Natoka Manguredjipa."

Alikuwa amekwisha kuona jiwe.

Alipanda juu ya scène, akapiga magoti, akaweka mukono juu ya majivu. Nikaona uso wake unafunguka.

"Ni moto," alisema. "Donc ametoka tu. Ameenda maji?" Alikaa chini kando ya mafiga, kama bwana anakaa kwake. "Aliyabeba mupaka huku! Orpa yangu. Nitamungoja."

"Yaya Salomon..."

"Mbona iko na alama ya kugongwa?" Alikuwa anageuza jiwe. "Hapa. Na hapa. Kahongya, nani aliyagusa?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja, mimi. Miezi yote ile nililala nalo. Nilifungua mudomo na, ninaapa, mudomo wangu una zoea yake mubaya, ulijua njia moja tu ya kutoka katika shida.

"Yaya, ni jogoo ya kumi na tatu," nilisema.

Salomon hakucheka. Hakuelewa.

Nyuma ya rido, mutoto alicheka. Kicheko cha roho yote, cha yule mutoto anangoja toka zamani, na hatimaye umemuchekesha. Halafu kikohozi.

"Séphora?" Salomon alisema. Aliruka, akavuta rido. Nyuma kulikuwa na ukuta. Aliweka mikono juu ya ukuta, aliupapasa wote, juu, chini, kama mutu anatafuta mulango. Kikohozi iliendelea, mbele ya uso wake. Inapiga, inapiga, inapiga. Na jogoo.

Kisha ikakatika.

Hapo nikamuambia. Yote: suruali, kicheko, muguu, dansi. Alinisikiliza amenipa mugongo. Nilipomaliza, alirudi kwa mafiga, akayachukua na mikono mitupu, yangali ya moto, moja kifuani, moja kwa kila mukono, na mikono haikuungua.

"Moto yake ingali inawaka," alisema. "Nyinyi njo mulizimika."

Akatoka. Bamemuona njia ya Manguredjipa, bamoja banasema peke yake, bengine banasema na bibi na mutoto mugongoni. Batu banasema mengi. Sijamuona tena.

Ningali nacheza pale. Chakula ni chakula. Lakini mutaona kitu kimoja kwangu: singoji batu bacheke. Ninasema juu ya kicheko chabo, haraka haraka, napiga muguu chini, ninaimba, ili nisisikie nyuma yake kuna nini. Bengine banafikiri ni style.

Na pale juu ya scène, penye mawe yalikaa, kulibaki pete tatu za maji katika mbao. Mulinzi amefungua madirisha jua iingie, ameweka muchanga, ameweka rangi. Kila asubuhi pete ni mbichi. Lakini katikati yake mbao ni kavu, na ina joto, na wakati wa baridi paka wa mulinzi anakuja kulala pale asubuhi yote. Ninamuangalia toka mulangoni. Anafumba macho. Na manyoya ya mugongo wake inalala chini, inainuka, inalala chini tena, toka kichwa mupaka mukia, polepole, kama vile mukono mudogo unampapasa.